Wa Mia Mbili na Hamsini

Mama mwenye binti mjamzito aweke ungo chini kwanza, asikie mambo ya Phagni wa Semarpani. Sisemi haya kumtisha mtu. Ni mambo yaliyoanza kwa furaha, tena furaha kubwa, na hapo ndipo penye hatari yake. Siku ile kijijini hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye nia mbaya.

Habari ya barabara ililetwa na Bhagchand, mkuu wa kijiji. Alirudi kutoka makao ya wilaya akiwa na matope hadi kiunoni na kiatu kimoja mkononi. Cha pili kilichukuliwa na kijito. Hakungoja hata kunawa. Alipanda kwenye saruji ya pampu, akanyakua ndoo ya mtu, akaigonga kwa kiatu kile mpaka watu wakatoka mbio, wengine na mkate wa mahindi mdomoni.

"Lami!" akapiga kelele. "Lami inakuja, jamani!"

"Inakuja wapi?"

"Hapa! Mlangoni kwako, Jhanak! Wewe uliyeteleza na gunia la maua ya mahua bondeni, ukalala wiki nzima unalia kama ndama!"

Watu wakaangua kicheko. Jhanak mwenyewe akacheka, na Phagni mkewe akacheka kuliko wote, mpaka akashika mbavu. Nani asingecheka? Semarpani ilikuwa nyuma ya milima miwili na kijito kimoja. Ukitaka chumvi unatembea. Ukitaka daktari unatembea, na usipoweza kutembea unabebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka Bardhana, ambako lami inaishia. Wengi waliobebwa hivyo walirudi wamefunikwa uso.

"Ila kuna neno," Bhagchand akasema.

"Siku zote kuna neno," akajibu Budhiya, mkunga, ambaye kwa umri wake hakuwa akimwogopa mkuu yeyote.

"Neno lenyewe ni watu. Kijiji chenye watu mia mbili na hamsini kinapewa barabara. Pungufu ya hapo, endeleeni na miguu yenu. Karani anakuja mwezi huu huu wa mvua kutuhesabu nyumba kwa nyumba. Atakayemwona kwa macho yake ndiye atakayemwandika."

Wakajihesabu papo hapo. Kila nyumba ilitia ndani ya ndoo punje za mahindi, punje moja kwa kila kichwa, na wakongwe wasioinuka kitandani nao wakatiliwa yao. Bhagchand akazimwaga juu ya gunia, akazitenga kumi kumi. Zilipokwisha, akazitenga tena, kana kwamba mahindi yangezaana mkononi mwake. Walipungua zaidi ya thelathini.

Mtu mmoja akanong'ona kwamba Bardhana walipata lami kwa sababu wake zao hawapumziki, na mkewe akampiga kiwiko.

Ndipo Phagni akasema. Watu wa Semarpani hata leo wanakumbuka kwamba ni yeye aliyesema, wala si Bhagchand. "Na binti zetu je? Mabinti tuliowaoza huko na huko, hawakuzaliwa hapa? Waje walale nyumbani siku ya karani. Tunawarudisha kesho yake."

"Mama wakwe zao watawaachia?" Bhagchand akauliza. "Msimu huu wa kupandikiza mpunga? Labda kwa sikukuu ya miche."

"Basi iwe sikukuu ya miche."

"Dada, sikukuu ya miche ni mwisho wa mwezi."

"Nani huipanga? Si sisi wenyewe? Kila kijiji kinafanya siku yake. Mwaka huu miungu ya Semarpani ina haraka."

Wakapiga makofi mpaka ng'ombe wakashtuka. Sikukuu ile ni ya wasichana kuotesha ngano ndani ya vikombe vya majani na kuipeleka kijitoni kwa nyimbo, na binti aliyeolewa huitwa kwao kuisherehekea. Hakuna mama mkwe anayeweza kuikataa bila kusemwa. Jioni hiyo hiyo ngano ikalowekwa, na asubuhi yake akina mama wakashika njia, kila mmoja kumfuata bintiye.

Phagni naye akaenda kumfuata Imarti.

*

Imarti alikuwa ameolewa Chikhli, kando kabisa ya barabara kuu, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefikia mwezi wa kuzaa. Mama mkwe wake, Gendabai, alimpokea Phagni kizingitini. Hakumwambia aingie, kwa sababu ya matope. Akamletea chai hapo hapo mlangoni, na majirani wakapita wakimtazama mama wa mkwe amekaa chini kama muuza mafagio.

"Sikukuu gani hii inayokuja kabla ya wakati wake?" Gendabai akauliza.

"Ya kwetu, mkwe. Hupangwa na wazee."

"Wazee wenu wana kalenda ya ajabu. Mtazame binti yako, hawezi hata kuona vidole vyake vya miguu. Hapa gari la wagonjwa linaingia mpaka uani. Kwenu hata mnunuzi wa mbuzi hafiki."

"Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake mzazi," Phagni akasema. "Mimi nilizaliwa hivyo, wewe ulizaliwa hivyo. Au nyinyi watu wa barabarani mmeshaitupa mila?"

"Mila haina magurudumu, mkwe wangu."

Chai ikampoa Phagni mkononi. Alijua kwamba mwenzake amesema kweli. Lakini masikioni mwake ilikuwa bado inalia ile ndoo ya Bhagchand, na machoni aliona lami nyeusi inateremka mlima hadi kwenye mlango wake. Ikifika lami, hakuna tena binti atakayezalia mbali na daktari. Si ndiyo kumsaidia Imarti huko? Ndivyo alivyojiambia. Moyo ukitaka jambo, mwenzangu, haukosi sababu.

Imarti mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alitoka ndani amekwisha kufunga nguo zake, macho yanang'aa. "Niende, mama mkwe. Lamti atakuja, na wenzangu wote niliocheza nao. Siku chache tu. Tumbo lenyewe bado liko juu."

Mumewe, Sumerlal, fundi wa kuziba pancha, alijipangusa mikono akatazama huku na huku, kama mwanamume yeyote aliyesimama kati ya mama zake wawili.

"Mchukue," Gendabai akasema. "Lakini nimekwambia mbele ya watu. Msije mkasema sikusema."

Walishuka kwenye basi Bardhana, wakaanza kupanda. Phagni alimkata bintiye fimbo ya kutembelea. Imarti alikuwa akipumzika kila penye jiwe zuri, anacheka, anauliza nani amezaa, nani amegombana, mbuzi yule mwenye pembe moja bado yupo? Kijitoni maji yaliwafika magotini tu. Phagni akamtazama bintiye akivuka na sketi yake ameishika juu, akafurahi, akasema moyoni: mkwe anatutisha bure.

*

Siku ya karani ilikuwa kama arusi. Nyumba zote zilikuwa zimepakwa udongo mpya, na kila uani kulikuwa na mabinti watatu wanne wanasukana nywele na kurushiana matusi ya utani. Vikombe vya ngano changa, yenye rangi ya njano kama vifaranga, vilipangwa kwenye vivuli. Ngoma zilikuwa zinapashwa moto. Hata wagomvi wa visima walikuwa wanapeana tumbaku.

Karani aliitwa Chaubey. Alikuwa mtu mnene, mwenye karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, na alipofika jambo la kwanza alilofanya ni kukaa chini na kubandua ruba kifundoni mwake.

"Mimi nahesabu tu," alimwambia Bhagchand kabla hajaulizwa. "Sigawi barabara. Msinipe kuku."

"Kuku tumeshamchinja, bwana. Tumtupe?"

"Basi msimtupe."

Akaanza kupita. Kila aliyesimama mbele yake aliandikwa. Katika nyumba ya tano akasimama, akakuna shingo. "Kijiji hiki mbona wanawake ni wengi hivi? Na wote wamevaa bangili mpya?"

"Ni maji yetu, bwana," Bhagchand akasema. "Yanaleta wasichana."

Mabinti wakafunika midomo kwa shela, mabega yakiwatetemeka. Lamti, yule mrefu kuliko wote, alikimbilia uani kuchekea huko.

Kwa Phagni karani alimkuta Imarti ameketi kwenye kitanda cha kamba, anapepeta dengu.

"Wewe ni wa nyumba hii?"

Imarti akamwangalia mama yake. "Ndiyo, bwana. Nimezaliwa hapa."

"Mwandike na huyo wa tumboni," Bhagchand akadakia. "Tangu asubuhi anapiga mateke, anasema niandikeni."

"Asiyelia haandikwi," karani akasema. Lakini alitabasamu.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Alijumlisha mara mbili, kijiji kizima kimemzunguka, hata mbwa walikuwa wamenyamaza. "Mia mbili arobaini na tisa," akasema.

"Wangapi?"

"Mmoja pungufu. Pole, mkuu. Nafunga hesabu jua likigusa kile kilima. Atakayefika kabla ya hapo nitamwandika. Atakayeondoka nitamkata. Ndiyo sheria."

Ee, mngeona! Bhagchand alikimbia huku na huku kama kuku aliyepoteza kifaranga. Mtu mmoja! Mmoja tu! Ndugu yake Jhanak alikuwa wapi? Alikuwa kiwandani mbali, safari ya treni. Na yule mzee wa ukingoni? Alishakufa tangu kiangazi. Kijana mmoja akasema wamvalishe beberu shela wamkalishe kizani, na wazee wawili wakalifikiria jambo hilo kwa uzito kidogo kabla ya kumfukuza.

Hapo ndipo Phagni aliposikia bintiye anamwita kutoka ndani, sauti ya kushangaa tu. "Mama! Nimelowa."

Chupa ya uzazi imepasuka. Phagni alitoka mlangoni kusema neno moja kwa Budhiya, lakini uso wake ulikuwa umeshasema kwa kijiji kizima.

"Anazaa!" Bhagchand akaruka juu. "Imarti anazaa! Huyo ndiye! Wa mia mbili na hamsini huyo, jamani! Pigeni ngoma!"

*

Ngoma zikapigwa. Wanawake wakaimba nyimbo za uzazi, wanaume wakagawana pombe ya mahua, na Chaubey akaletewa sahani ya pili ya kuku na kuambiwa ale polepole. Watu walikuwa wanatazama jua, kisha mlango wa Phagni, kisha jua. Mtoto alikuwa ameshapewa jina. Wengine walisema aitwe Sadak, yaani barabara, awe wa kiume au wa kike.

Ndani, Budhiya alipaka mafuta tumbo la Imarti, akalipapasa upande huu, akalipapasa upande ule. Alirudia. Kisha akamvuta Phagni pembeni, penye gunia la ulezi.

"Amelala kama gogo mlangoni. Kichwa kushoto, miguu kulia."

"Utamgeuza?"

"Maishani mwangu nimegeuza wawili."

"Basi si unajua?"

"Mmoja aliishi," Budhiya akasema. "Mbebeni huyu, Phagni. Mbebeni sasa hivi."

Phagni akatoka nje na maneno hayo mdomoni, na Bhagchand akamlaki kabla hajayasema. Alikuwa anatoka jasho la furaha. "Vipi, dada? Kichwa kimeonekana?"

"Budhiya anasema abebwe."

Uso wa Bhagchand ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya, narudia tena. Mkewe wa kwanza alifia juu ya kitanda cha kamba katikati ya kijito kile kile, na ndiyo sababu alikuwa akiitaka lami kama mtu anavyotaka maji. "Abebwe? Dada, kitanda kinataka wanaume wa kupokezana mlima mzima. Kumi, kumi na wawili. Wote watakatwa! Naye Imarti atakatwa. Badala ya kuongeza mmoja tunapoteza kumi na tatu. Budhiya ni mzee, mikono imechoka, anaogopa tu. Ajaribu kidogo. Tazama jua, lile pale. Kidogo tu, dada yangu. Fikiria mabinti wote watakaozaa baada ya huyu."

Phagni akatazama watu. Wote walikuwa wanamtazama yeye, nyuso zimejaa tumaini mpaka zinauma kuziangalia. Wazo lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyesema waje.

Akarudi ndani. "Jaribu kidogo, Budhiya," akasema.

Akina mama, neno hilo "kidogo" mlikumbuke. Phagni alilitamka kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

Budhiya alijaribu. Imarti alipiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa kawaida, na nje wapiga ngoma, wakidhani mtoto anatoka, wakaongeza nguvu, tam-tam-tam, na watu wakashangilia. Budhiya akajaribu tena. Mara ya tatu akaondoa mikono yake akaitazama. "Siendelei," akasema. "Nitamuua."

Imarti alikuwa amekauka midomo. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, vidole baridi kama samaki.

"Mama. Mimi ni wa ngapi?"

"Wa ngapi nini, mwanangu?"

"Katika hesabu yenu. Mimi si nimeshaandikwa? Nikifa kabla ya jua kuzama, karani atanikata?"

Phagni alisimama, na kitu kilichokuwa kimemjaa kichwani tangu siku ya ndoo kikamtoka chote, kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka. Akatoka mbio nje, akakigeuza kitanda cha kamba kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, vikombe vitatu vya ngano vikamwagika chini.

"Jhanak! Simu! Panda juu kwenye mtandao, ita gari lije Bardhana! Kimbia!"

Jhanak akatupa bakuli la pombe, akapanda kilima kama mbuzi, bila kuuliza neno.

"Nataka mabega!" Phagni akasema. "Mabega manne, na ya kupokezana."

Ngoma zikakatika. Wanaume wakatazama miguu yao, kisha wakamtazama mkuu.

"Dada," Bhagchand akaanza, "hesabu..."

"Sikukuomba hesabu. Nimekuomba bega."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Lamti akapenya katikati ya watu, mrefu, bangili zake mpya zinalia, akazivua zote akazitupa mapajani mwa mama yake. "Sisi tumeletwa kuongeza idadi, sivyo? Haya, wenzangu. Tuongeze."

"Wewe msichana!" mzee mmoja akapaza sauti. "Kitanda begani mwa mwanamke ni mkosi!"

"Basi babu njoo ukibebe wewe."

Wakamtoa Imarti wakamlaza juu ya matandiko, wakamfunga kiunoni kwa sari asiteleze. Lamti akashika mbele kulia, Phagni mbele kushoto, mabinti wawili nyuma, na wengine kama kumi wakawafuata kupokezana, sketi wamezikunja viunoni. Budhiya naye akafuata na fimbo yake, akiwalaani wote kwa jumla. Walipompita karani alikuwa amesimama na kalamu, uso umempauka.

"Niwakate?" aliuliza, kama anayetaka kuambiwa hapana.

"Kata, bwana!" Lamti akajibu bila kugeuka. "Kata sana!"

*

Wewe uliyebeba mtu mlimani unajua. Bega linawaka, kisha linakufa, kisha hulisikii tena. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Waliimba ili miguu iende pamoja, na kwa kuwa hawakujua wimbo wa kubebea mgonjwa, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya wanaume, waliimba ule ule wa sikukuu ya miche, mbio mbio, huku wakihema. Kila uchungu ulipomjia Imarti walisimama, na ulipopita wakaenda. Phagni alikataa kupokewa. "Bega lako linatoka damu, mama mdogo," Lamti alimwambia. "Litoke," akasema.

Walipofika kijitoni hakikuwa kijito tena. Mvua ilikuwa imenyesha juu, na maji mekundu yalikuwa yanakwenda kwa sauti kama ya lori. Lamti akaingia kupima. Yakamfika kifuani, naye ndiye aliyekuwa mrefu.

Hapo wakakwama, kitanda begani, wanatazama maji. Imarti alikuwa hapigi tena kelele, na hilo ndilo lililomtia Phagni hofu kuliko kelele zote.

"Msishushe! Msishushe kitanda!"

Walikuwa wanaume. Waliteremka mlima kwa matako na kwa miguu, vijana mbele, wazee nyuma, kijiji nusu, na mbele ya wote Bhagchand, anahema kama mvukuto. Hakumtazama Phagni usoni. Aliingia majini na nguo zake, wengine wakafuata wakasimama bega kwa bega safu mbili, wakiyavunja maji kwa migongo yao, na kitanda kikapita juu ya vichwa vyao, kutoka mikono hadi mikono, kikiyumba lakini bila kulowa.

"Karani amefanyaje?" mmoja akauliza katikati ya maji.

"Anakata tu. Kalamu imeisha wino."

"Na mkuu naye?"

"Mkuu alikatwa wa kwanza!" Bhagchand akajibu, na kwa namna fulani, majini pale, shingo zao zikiwa ndani ya mafuriko, watu wakacheka.

Bardhana gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, mlango wazi, taa yake ya buluu inazunguka juu ya lami. Lilikuwa limesimama mwisho kabisa wa barabara, gurudumu moja limeingia kwenye nyasi.

*

Hospitalini Gendabai, aliyekuwa amepigiwa simu na Jhanak, alikuwa amefika kabla yao, juu ya pikipiki ya Sumerlal. Alipoulizwa mama wa mgonjwa ni yupi, alionyesha kwa kidevu. "Yule. Mwenye matope."

Muuguzi akamtazama Phagni kutoka juu hadi chini. "Mama, mlikuwa mnangoja nini? Binti anakaa Chikhli, dakika chache kutoka hapa, mnampeleka milimani mwezi wa kuzaa? Mnamrudisha kama mzigo wa kuni?" Aliyasema kwa sauti, mbele ya foleni nzima, na watu wakageuza shingo. Phagni alitaka kukaa kwenye benchi, mfagiaji akamwambia asichafue, akakaa sakafuni.

Imarti alipasuliwa. Wakati wote huo Gendabai alikaa juu ya benchi na Phagni chini yake, wala hawakusemezana. Mara moja tu Gendabai alisema, akiutazama mlango: "Nilikwambia mbele ya watu."

"Uliniambia," Phagni akasema.

Kisha mlango ukafunguka. Muuguzi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kijani, kidogo, chenye nywele nyingi. Wa kike. Mama yake amepoteza damu nyingi, atalazwa, lakini ataishi. Sumerlal akaketi chini pale pale kama aliyekatwa miguu, akalia. Jhanak akamkumbatia. Mabinti wa Semarpani, waliofuata kwa basi na sasa walikuwa barazani, miguu mitupu, wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuwafukuza, akashindwa.

"Mtoto huyu wa kijiji gani?" muuguzi akauliza. "Kwa mama yake nimeambiwa vijiji viwili. Semeni kimoja."

Bhagchand alikuwa amesimama nyuma, nguo zake bado zimelowa. Akainama haraka sikioni mwa Phagni. "Sema Semarpani, dada. Hawajatufungia mlango kabisa, karani kasema watahakiki tena baada ya mavuno. Safari ile tutakuwa na mmoja wa kuanzia. Sema."

Gendabai alisikia. Alimtazama Phagni tu, safari hii usoni, akingoja.

"Chikhli," Phagni akasema.

"Dada!"

"Chikhli, muuguzi. Kwa baba yake. Na mama yake akitoka hapa anakwenda huko, simtoi tena mpaka mtoto atembee. Atakayetaka kuwaona atawafuata." Akainuka kutoka sakafuni kwa kujishikilia ukuta, bega lile likamwuma hadi meno. "Na wewe kaka, usikunje uso. Barabara tutaidai. Nitakwenda wilayani mimi mwenyewe na wewe, tukae mlangoni kwao mpaka watuchoke. Lakini tutaidai kwa midomo yetu. Si kwa tumbo la mtu."

Gendabai akasogea upande mmoja wa benchi, akapangusa kwa shela yake pale palipobaki wazi, akapapigapiga kwa kiganja. "Kaa," akasema. "Mshike. Ni wako pia."

Phagni akakaa na matope yake yote, akampokea mtoto. Na mtoto, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akafungua kinywa kisicho na jino, akapiga makelele kama mtu aliyeachwa na basi.